Mizunguko Minne ya Mwisho

Kijitabu kilifika Jumanne, mkononi mwa tarishi wa ofisi ya maji, na mwalimu Isaïe Ngoie alikipokea kwa mikono miwili. Kilikuwa na kurasa ishirini na nne, jalada la kijivu na harufu ya wino mpya. Alinawa mikono kabla ya kukifungua. Phébé, mkewe, aliacha kuchekecha unga wa mahindi akaja kusimama nyuma ya kiti chake.

"Jina yako iko wapi, Baba Noémie?"

"Ngoja. Bazungu banaandikaka majina ku mwanzo."

Mwanzoni kulikuwa na jina la injinia Tilleux. Chini yake, kwa herufi ndogo kidogo, kulikuwa na jina la Jéthro Kalenga, mchoraji wa ramani. Isaïe alitazama nyuma ya jalada. Akapekua hadi ukurasa wa mwisho, mahali watu wanaposhukuriwa, akakuta wameshukuriwa wakubwa wa jimbo na mke wa injinia, aliyelivumilia joto la Kamina bila kulalamika. Akarudi mwanzo, akapekua tena ukurasa kwa ukurasa.

"Haiko," alisema.

"Haiko namna gani? Jéthro njo aliandika yote ku mashini. Alisahau?"

Jéthro alikuwa mdogo wake Phébé, wa tumbo moja. Alilelewa katika nyumba hii hii, na alijifunza aljebra kwenye meza hii hii ambayo kijitabu kilikuwa kimelazwa.

Ndani ya kijitabu hicho hapakuwa na kitu kigeni kwa Isaïe, maana kilikuwa chake chote. Kwa miaka mitatu bomba la maji la Kamina lilipasuka kila baada ya majuma machache. Wazungu walilaumu chuma, walilaumu udongo, wakachoka wakamlaumu mlinzi wa bomba. Isaïe, mwalimu wa hesabu kwenye shule ya Wamethodisti, aliyalaumu maji yenyewe. Likizo mbili nzima alilifuata bomba kwa miguu, kilomita nne kutoka tangi la juu hadi kibanda cha koki kubwa mjini, akilaza sikio juu ya chuma huku wanawake wa sokoni wakimcheka kwamba mwalimu amepata mke wa pili. Aliona kwamba maji yanayokimbia yakizuiwa ghafla hayasimami yote pamoja. Ya mbele yanagonga, ya nyuma yanaendelea kusukuma, na pigo hilo linapanda bomba kama wimbi, linafika kwenye tangi, linarudi. Alipima safari ya wimbi kwa nati aliyoifunga kwenye uzi wa kushonea wa Phébé na kuibembeza: sekunde nane, kwenda na kurudi. Halafu, akisaidiwa na kitabu kimoja chakavu cha Kifaransa alichoachiwa na mmisionari, aliandika milinganyo yake na kuthibitisha kwamba mizunguko ya kwanza ya gurudumu la koki haina madhara. Hatari yote imejificha kwenye mizunguko minne ya mwisho.

Gurudumu lilikuwa mikononi mwa Kitwa, Mkatoliki mmoja mpole mwenye mabega ya kubeba gunia. Kitwa hakuwa na saa, na mtu mwenye mikono miwili kwenye gurudumu hawezi kubembeza uzi. Basi Isaïe alimfundisha kuimba. Wimbo wa hamsini na tatu katika kitabu cha nyimbo cha Kiluba, ubeti mmoja kwa kila mzunguko, beti nne kwa ile minne ya mwisho. Wenzake wa parokia walimtania Kitwa kwamba bomba limembadilisha dini. Lakini tangu aanze kuimba, bomba halikupasuka tena. Miezi kumi na minane.

Injinia Tilleux alipopata habari alimwita Isaïe ofisini. Hakumpa kiti, lakini alimpa maneno matamu: andika kila kitu, karatasi itakwenda Brussels, na mwenye jina juu yake ataitwa mwaka mmoja kwenye maabara ya maji huko Ubelgiji. Isaïe alikuwa na miaka arobaini na moja. Usiku na mchana wa maisha yake alikuwa amefanya hesabu peke yake, bila mtu wa kumwambia hapa umekosea, hapa umepata. Alitaka mwaka huo kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote.

Mwandiko wake ulikuwa mbovu, na Jéthro alikuwa na mashine ya kuandikia. Alimkabidhi daftari. Hakubaki na nakala. Hakuomba sahihi, wala shahidi. Kwa watu wa huko, kumdai ndugu wa mke wako ushahidi kabla ya kumpa kitu ni kumtukana mama mkwe mbele za watu, na Isaïe alikuwa amelelewa vizuri.

Sasa alisoma hadi jedwali la ukurasa wa kumi na tisa, akasimama ghafla hata kiti kikaanguka.

"Nini?" Phébé aliuliza.

"Ameandika ubeti moja iko sekunde makumi mbili. Makumi mbili! Ile iko mwendo ya ndoa."

Phébé alielewa mara moja. Wimbo ule una miendo miwili. Kwenye ndoa na kwenye sherehe za shule unapigiwa hatua, na kinanda cha misheni kinaukimbiza. Makaburini unavutwa, ubeti mmoja sekunde arobaini na tano, maana watu hawana haraka ya kufika mwisho. Isaïe alimfundisha Kitwa mwendo wa makaburini. Daftarini aliandika herufi V tu, yaani ubeti, bila kusema ni mwendo gani. Hakufikiri kwamba inahitajika. Tangu surua ilipomchukua Noémie, binti yao wa pekee, akiwa na miaka saba, wimbo ule haukuwa na mwendo mwingine katika nyumba hii. Na Jéthro alishika jeneza lile upande wa kushoto.

*

Kesho yake Isaïe alikaa kwenye ngazi za ofisi ya maji tangu saa mbili hadi karibu saa sita. Makarani walimruka wakipita. Jéthro alipotoka alikuwa amevaa tai, na alisimama ngazi mbili juu yake.

"Mulamu," alimsalimu shemeji yake. "Habari ya nyumba?"

"Muzuri. Jéthro, sikuje juu ya jina. Jina tutasema siku ingine. Nilikuja juu ya namba. Sekunde makumi mbili iko kosa. Iko makumi ine na tano."

"Ku daftari yako haiko sekunde. Iko paka V, V, V tu. Miye nilienda ku kinanda ya misheni na saa ya bwana injenyeri, nikapima ile wimbo."

"Ulipima mwendo ya ndoa."

Isaïe alimwona Jéthro akikumbuka. Uso wake ulilegea, na kwa kitambo kidogo tu alikuwa tena yule kijana aliyelia makaburini hadi akashikwa mkono. Kisha akairekebisha tai yake.

"Karatasi balisha kuitia chapa. Siku ya posho bakubwa banatoka Élisabethville kuona koki. Unataka niende kumuambia muzungu nini? Eti namba haiko sawa juu ya wimbo ya maziko?"

"Umuambie ukweli."

"Nikisema iko kosa, atauliza nani alifanya hesabu."

"Weye ulimuambiaka nani alifanya?"

Jéthro aliangalia viatu vyake. "Nilimuambia ni kazi ya kwetu. Ya ku nyumba. Yeye njo aliandika jina ya muntu anamujua."

"Na weye ulinyamaza."

"Nilinyamaza," alisema Jéthro, na sauti yake haikuwa na aibu ya kutosha.

Mlango ulifunguka, injinia Tilleux akatoka na kofia mkononi. Isaïe alivua yake. Kwa Kifaransa safi, kile anachowafundishia watoto wa watu, alieleza kwamba jedwali la ukurasa wa kumi na tisa lina hitilafu, kwamba koki ikifungwa kwa mwendo ule wimbi litalikuta wimbi jingine njiani na maungio ya zamani hayatastahimili. Injinia alimsikiliza nusu, kichwa upande.

"Huyu ni nani?" alimuuliza Jéthro, kana kwamba hakuwahi kumwona.

"Mwalimu wa misheni, bwana. Ni mume wa dada yangu."

"Aa." Tilleux alitabasamu, akampigapiga Isaïe begani kama mtu anayemtuliza punda. "Wivu ndani ya familia ni kitu kibaya, mzee. Nenda kafundishe watoto wako."

Wakaondoka wote wawili. Isaïe alibaki na kofia mkononi, na makarani dirishani walikuwa wamesikia kila neno. Hasira ilimjaa hadi macho yakauma. Tangu kuzaliwa alikuwa ameitwa majina mengi na wazungu na hakuna lililomkaa moyoni. Hili la leo lilimkaa, kwa sababu Jéthro alikuwa amesimama pale na alicheka kidogo.

*

Alhamisi Phébé alipika sombe ya majani ya muhogo na bitoyo, samaki wa chumvi ambao mdogo wake aliwapenda tangu utoto, akafunga sufuria kwa kitambaa na kwenda. Isaïe hakumzuia. Alirudi kabla ya jua kuzama, na sufuria ilikuwa tupu.

"Alikula?"

"Alikula. Mimi balinipokea ku mulango ya nyuma. Muke yake alisema mu salon ya mbele kuko wageni." Alikaa chini, akavua kitambaa cha kichwa. "Mwezi ya tisa anaenda ku Ulaya, Baba Noémie. Kule ku maabara yako. Alishapata barua."

Isaïe aliifunika sufuria tupu.

"Nilimuuliza juu ya nini aende yeye. Alisema weye uko muzee, ungeenda kufanya nini kule. Asema yeye iko kijana, akirudi atatusaidia siye bote." Akakikunja kile kitambaa. "Ile mutoto nilimubeba ku mugongo. Mama alipokufa, nilimutafunia bukari mu kinywa yangu. Sasa nimulaani? Niambie. Nimulaani namna gani, na damu yake njo yangu?"

"Sikukuambia umulaani."

"Hausemi, lakini unaniangalia."

Ilikuwa kweli. Alikuwa akimwangalia na kuona paji la uso la Jéthro, na alijichukia kwa hilo. Walikula bukari, ugali wa mahindi, kila mtu upande wake wa meza, na mabaki waliwapa kuku.

*

Jumamosi, siku ya posho, kulikuwa na kamba mbele ya kibanda cha koki, na watu walisimama nyuma ya kamba. Mbele kulikuwa na viti sita vya wageni na vinywaji vya baridi juu ya meza yenye kitambaa. Ukuta wa kibanda upande wa mbele ulikuwa umeondolewa ili wakubwa waone. Kitwa alivaa ovaroli mpya iliyombana. Alipomwona Isaïe nyuma ya kamba alimpungia mkono, kwa furaha kabisa, maana aliamini hii ni siku ya mwalimu wake.

Injinia alisema maneno mengi. Alisema juu ya mawimbi, akatamka sentensi nzima za daftari, na Isaïe akasikia sentensi zake zikitoka kwenye mdomo ule zikiwa zimenyooka, zimependeza, na hata alama za kituo zikiwa pale pale alipoziweka. Watu weupe walipiga makofi. Jéthro alisimama kando na saa ya kupimia mkononi.

Kitwa alizungusha. Mizunguko ya kwanza ilikwenda haraka, kama ilivyopaswa. Ilipobaki minne, aliinamisha kichwa akaanza kuimba, kwa sauti nzito, polepole, kama alivyofundishwa. Wageni walitazamana. Mama mmoja wa kizungu alicheka.

"Haraka!" Tilleux alisema. "Sekunde ishirini. Fuata saa, acha nyimbo."

Kitwa aliendelea kuvuta ubeti. Alikuwa hajui kuuimba kwa namna nyingine.

"Kalenga! Shika wewe."

Jéthro alimpa injinia saa, akamsukuma Kitwa kwa bega, akashika gurudumu. Kitwa alirudi nyuma hatua moja, akasimama karibu na ungio la bomba, mikono ikining'inia. Isaïe alijikuta ameinua kamba. Askari alimkamata kwenye kola.

"Jéthro!" alipiga kelele. "Polepole! Kama siku ya Noémie! Imba kama siku ya Noémie!"

Jéthro alisikia. Watu wote waliona mikono yake ikisimama juu ya gurudumu. Alisimama hivyo kwa muda wa pumzi mbili, akimpa Isaïe mgongo, na Isaïe alisali kwa moyo wote. Kisha injinia alihesabu kwa sauti, na Jéthro akazungusha. Mzunguko mmoja. Wa pili. Wa tatu. Sindano ya kipimo cha mkazo ikaanza kuruka, na mtu pekee aliyekuwa akiitazama alikuwa nyuma ya kamba, ameshikwa kola.

Wa nne ulipokwisha palisikika pigo moja tu, zito, kutoka ndani ya ardhi. Ungio liliachia. Kipande cha chuma kilimpata Kitwa mkononi, na maji yakamwangusha, yakapindua meza, yakabeba viti. Wageni walikimbia na viatu vyeupe ndani ya tope. Kitwa alilala ubavuni na mkono wake wa kuume ulikuwa umekunjika mahali ambapo mkono haukunjiki, na hakulia. Aliuliza tu kama yeye ndiye aliyekosea.

*

Walimwita Isaïe baada ya siku tisa. Chumba kilikuwa cha ofisi ya serikali, na wazungu watatu walikaa nyuma ya meza ndefu. Phébé aliruhusiwa kukaa kwenye benchi la nyuma. Isaïe alisimama. Jéthro alipewa kiti, kwa kuwa alikuwa mtumishi wa ofisi, na juu ya magoti yake alikuwa na bahasha.

Ndani ya bahasha mlikuwa na daftari. Tangu ajali Isaïe alikuwa ameliomba mara tatu, na mara tatu Jéthro alikuwa amejibu kwamba limepotea. Sasa lilikuwa pale, safi, kona zake hazikukunjika, limehifadhiwa kama hati ya shamba.

"Hili daftari ni la nani?" aliuliza mzungu wa katikati.

"La mwalimu Ngoie, bwana," alisema Jéthro kwa Kifaransa. "Alinipa mwenyewe. Mimi nilipiga tu kwa mashine yale niliyoyakuta. Hesabu zote ni zake."

"Zote?"

"Zote, bwana. Kutoka mwanzo hadi mwisho."

Injinia Tilleux aliitikia kwa kichwa. Alisema kwa masikitiko kwamba kosa lake yeye lilikuwa kumwamini mwenyeji aliyejifunza mwenyewe. Isaïe alitazama midomo yao mmoja baada ya mwingine. Maneno aliyoyangoja mwaka mzima, hesabu zote ni zake, yalikuwa yamesemwa hatimaye, mbele ya mashahidi, na karani alikuwa akiyaandika.

Daftari liliwekwa mbele yake.

"Hii V. Ina ukubwa gani?"

"Sekunde arobaini na tano, bwana."

"Imeandikwa wapi?"

Isaïe hakuhitaji kufungua. Alizijua kurasa zile kama anavyojua vyumba vya nyumba yake. Miaka yote aliwachapa wanafunzi viganja kwa kuandika namba bila kipimo, na yeye mwenyewe, kwenye kazi moja ya maisha yake, hakuandika.

"Haijaandikwa," alisema. Kisha akaongeza, "Huyu alijua. Alikuwepo tulipouimba."

"Wapi?"

"Kwenye mazishi ya mtoto wangu."

Mzungu wa katikati alimtazama karani, akatikisa kichwa kwamba hilo lisiandikwe. Kitwa naye aliitwa, mkono ukiwa ndani ya plasta. Alisema monitere, mwalimu wake, alimfundisha kuimba, na kwamba kwa mwendo wa monitere bomba halikupasuka kamwe. Wakamuuliza kama yeye ni Mkatoliki. Akasema ndiyo. Wakamuuliza kwa nini basi anaimba nyimbo za Waprotestanti kazini. Wakacheka, na maneno yake nayo hayakuandikwa.

Walipotoka nje Jéthro alimfuata dada yake hadi kwenye ngazi.

"Yaya, dada yangu, usikasirike. Kama ningesema ingine, tungeanguka bote mbili. Sasa kumeanguka moja. Nikitoka Ulaya nitaona namna ya kumusaidia."

Phébé alimtazama kwa muda mrefu, tangu viatu hadi tai.

"Siku ile ulilia sana," alimwambia. "Nilizaniaka unamulilia Noémie."

Akashuka ngazi akamshika mumewe mkono, mbele za watu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

*

Misheni iliandika barua ya upole. Mwalimu Ngoie apumzike hadi jambo litulie, na nyumba ya mwalimu itahitajika kabla ya shule kufunguliwa. Walihamia kwa Kitwa, katika chumba cha uani, na Isaïe alijifunza kumfunga mwenyeji wake vifungo vya shati, kwa kuwa mkono wa kuume haukurudi kuwa mkono. Treni ya Jéthro iliondoka mwezi wa tisa. Ilipiga filimbi yake ndefu pale stesheni, na Phébé, aliyekuwa akitwanga, aliendelea kutwanga.

Mwezi wa kumi na moja, mvua zikiwa zimeanza, tarishi yuleyule wa ofisi ya maji aliwatafuta hadi akawapata. Alileta kijitabu kingine, chembamba, jalada la kijivu. Isaïe hakunawa mikono. Alikifungua amesimama mlangoni.

Ukurasa wa tatu kulikuwa na jedwali jipya: kwa kila mmoja wa mizunguko minne ya mwisho, sekunde arobaini na tano, kwa mujibu wa vipimo vipya vya injinia Tilleux. Isaïe aliitikia kwa kichwa taratibu. Namba ilikuwa sawa. Hilo angalau lingewafaa watu wa bomba.

Phébé alikuja kusimama nyuma yake, mikono ina unga.

"Jina yako iko?"

"Iko."

"Wapi?"

Alimwekea kidole kwenye ukurasa wa tano, chini ya kichwa cha habari kilichosema chanzo cha ajali. Phébé hakujua Kifaransa, lakini jina la mumewe alilijua popote. Alilisoma kwa sauti, silabi kwa silabi, jina la ubatizo na jina la ukoo, kisha akalisoma tena.

"Balikuandika muzuri," alisema.

"Muzuri sana," alisema Isaïe. "Hata zile nukta mbili juu ya i, habakusahau."